Kebo ya waya tatu itamuunguzia mtu Commodore yake

Ndugu Mhariri,

Salamu za kazi. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi, niko huku Leicester, Uingereza, gazeti nalisoma kwenye simu nikiwa ndani ya basi asubuhi. Juzi kwenye ule ukurasa wenu wa fundi anajibu kuna msomaji aliuliza aunganishe vipi Commodore 64 yake, ile kompyuta ya zamani ya nyumbani, na printa ya zamani ya siriali, yaani inayopokea data biti moja moja kwenye waya mmoja, mkamjibu eti waya tatu zinatosha, wa kutuma, wa kupokea na wa ethi, ikigoma ageuze pini namba 2 na 3 basi kazi imekwisha. Jamani hapana.

Tuanze na volti maana hapo ndo pana hasara. Printa ya siriali inafuata RS-232, kanuni ya mawasiliano ya waya ambayo moja (1) inasomeka kwenye volti kati ya -3 na -15 na sifuri (0) kati ya +3 na +15. Sasa Commodore 64, mashine ya 1982, lile tundu la nyuma wanaloita yuza poti halijui mambo hayo kabisa, lenyewe linaishi kati ya 0 na 5. Ukichomea waya wa printa moja kwa moja pale, printa ikatema -12, chipu inakwenda na hutasikia hata mlio. Kinachotakiwa katikati ni chipu ya kubadilisha kama MAX232, inakula volti 5 ambazo hata tundu lenyewe linazo pini namba 2, inazipandisha yenyewe kwa kapasita nne ndogo, bei yake hata soda ni ghali. Na mkumbuke kwenye Commodore kupokea sio pini moja, ni pini B na C zimefungwa pamoja, kutuma ni M. Mtu akiunga B peke yake anaweza kukaa wiki nzima anatafuta mchawi.

Alafu hilo la 2 na 3. Mgeuze kwenye plagi ipi? Kwenye ile kubwa ya pini 25 kompyuta inatuma kwa 2 inapokea kwa 3, kwenye ile ya pini 9 iliyokuja na IBM AT mwaka 1984 ni kinyume, inapokea kwa 2 inatuma kwa 3. Na printa nyingi zilifungwa waya kama vile nazo ni kompyuta, kwa hiyo ukizinyoosha 2 kwa 2 ni watu wawili wanapeana shikamoo kwa shikamoo, hakuna wa kuitikia marahaba. Hata hiyo "ethi" mnayosema, kwenye pini 25 kuna ya bodi ambayo ni namba 1 na kuna ya mawimbi ambayo ni namba 7, inayotakiwa ni ya 7. Kwenye pini 9 ni namba 5.

Ila kilichonifanya niandike ni hizo waya tatu zenyewe, maana mi nimeshaumia nazo. Jirani yangu mzee mmoja mwalimu mstaafu alinipa BBC Micro yake, kompyuta ambazo zilijaa mashuleni huku miaka ya 80, na printa ya sindano juu yake. Siriali ya BBC ni soketi ya pini tano zilizokaa kama tano ya dadu, na plagi yake inaingia hata ukiigeuza juu chini, inaingia vizuuuri kabisa na hakuna kinachotoka. Hiyo ilinilia jioni ya kwanza. Ya pili nikachomea waya tatu kama fundi wenu anavosema, nikaandika *FX5,2, amri ya kuiambia ichape kwa siriali, kimya, kwa sababu BBC haitumi herufi hata moja mpaka mtu wa upande wa pili aseme niko tayari kwenye waya wa CTS. Nikajifanya mjanja, nikaufunga CTS kwenye RTS, waya ambao BBC yenyewe inatangazia kuwa iko tayari, palepale kwenye plagi ili mashine ijijibu yenyewe. Ikachapa! Nikamwita mke wangu aje aone. Nilipompa ukurasa mzima mistari ikaanza kupotea katikati.

Hesabu yake ni hii, kasi ya biti 9600 kwa sekunde inapeleka kama herufi 960 kwa sekunde, printa yangu inapiga kama 80, kumbukumbu yake ni herufi 2048, kwa hiyo sekunde mbili na ushee imejaa na zinazofuata zinamwagika. Nikashusha mpaka 1200 kwa *FX8,4, nikadhani nimepona, kumbe hizo bado ni herufi 120 kwa sekunde, inajaa taratibu tu, ikaanza kumeza maneno kwenye ukurasa wa tatu. Dawa ilikuwa waya wa nne, kutoka pini 20 ya printa kuja CTS. Printa ikishiba inasema ngoja, BBC inasubiri. Nikarudi 9600 na haijapoteza hata nukta tangu siku hiyo. Printa nyingine huo ujumbe unatokea pini 11 badala ya 20, hapo lazima ufungue kitabu chake au ukae na mita.

Sa hizi ombi langu, toleo lijalo mumwambie yule msomaji asichomeke kwanza. Na kama ameshachomeka na sasa anaona hata disk drive yake haiitiki, asihangaike na drive, aangalie chipu ya 6526. Zipo mbili mle ndani, ya pili ndo inashika yuza poti pamoja na waya za disk.

Msomaji wenu,
Leicester