Betri za kuchaji: anza na volti, mAh baadaye

Wateja wanaojiundia spika, tochi au magari ya rimoti huanza kwa kuuliza mAh, yaani kiasi cha chaji ambacho betri hubeba. Volti isipooana na kifaa, hizo mAh hazitakusaidia.

Betri za nikeli (NiMH) za umbo la AA hutoa volti 1.2 kila moja. Ndizo tunazompa mtoto anayeanza, kwa sababu huvumilia makosa. Ila kuna seli ya lithiamu iitwayo 14500, umbo ni lile lile, volti 3.7. Ukiitia kwenye rimoti ya kawaida unaweza kuiunguza rimoti hiyo.

Seli ya lithiamu ya 18650 ina upana wa mm 18 na urefu wa mm 65. Ikijaa hufika volti 4.2, ikishuka hadi 3.0, acha kuitumia, ichaji. Kwenye mAh zake ndipo watu wanapoibiwa. Nyingi zilizo nzuri zina mAh 2000 hadi 3500. Iliyoandikwa 9900 ni uongo mtupu, kwani kopo la ukubwa huo haliwezi kubeba kiasi hicho. Iweke kwenye mizani ya jikoni: halisi huwa na gramu 45 hivi, na ikisoma 30 jua ndani hamna kitu cha maana. Kagua pia plastiki yake. Kopo zima ni hasi, hadi ukingo unaozunguka kichwa cha chanya, na kati yao kuna nafasi ya milimita chache tu. Plastiki ikichanika hapo, kipande cha waya kinatosha kupiga shoti. Ivishe plastiki mpya na pete ya karatasi kabla ya kuitumia.

Droni inataka LiPo (betri ya lithiamu polima), kwa kuwa mota zake hunyonya ampea nyingi kwa mkupuo. Ya mAh 1500 ichaji kwa ampea 1.5, waya wa kusawazisha seli ukiwa umechomekwa. Kama huirushi wiki hii, iache kwenye volti 3.8 kwa kila seli; kukaa imejaa huichakaza. Iliyovimba usiichaji tena, wala usiitoboe.

LiFePO4, aina nyingine ya lithiamu, ni nzito zaidi lakini hudumu sana, na seli nne zikiunganishwa mfululizo hutoa volti 12.8, zinafaa mahali pa betri ya volti 12. Kila seli hujaa kwenye volti 3.65, kwa hiyo usiichaji kwa kile kibao kidogo cha kuchajia cha TP4056, ambacho hupandisha hadi 4.2.

Ukija dukani, njoo na kifaa chenyewe au picha ya kibandiko chake.