Risala ya Chama cha Sayansi kwa Mgeni wa Heshima, Kisumu

Mheshimiwa mgeni wa heshima, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Karibu Kisumu, na karibu mezani petu. Boti hii ya plaiwudi ina mabawa chini ya maji. Tunaivuta kwa kamba kwenye mfereji wa mabati nyuma ya maabara. Ikishika kasi, mabawa huiinua hadi tumbo lake likaacha maji. Ndege hupaa kwa kanuni hiyo hiyo, ila maji ni mazito kuliko hewa takriban mara 800, hivyo bawa dogo hutosha.

Wanamaji wa kijeshi waliiandama kanuni hii miaka mingi. Mwaka 1969 manowari ya majaribio ya Kanada, Bras d'Or, ilifikia noti 63, yaani karibu kilomita 117 kwa saa. Mwaka 1971 mradi ukafutwa. Marekani nayo ilikuwa na Tucumcari, iliyofyonza maji na kuyatema nyuma kwa nguvu, bila propela. Mabawa yake yalizama kabisa, na chombo cha aina hiyo hakijisawazishi chenyewe: vihisio hupima kimo chake juu ya mawimbi, na mitambo hurekebisha mabawa bila kukoma. Watu husifu kasi. Sisi tunaona ufundi wenyewe uko hapo.

Tena kasi ina adui. Bawa likienda mbio mno, kanieneo juu yake hushuka hadi maji yakachemka yangali baridi, na viputo vikipasuka hula chuma.

Boti yetu haijafika huko. Tatizo lake lilikuwa kulalia ubavu. Tukaondoa mabawa bapa, tukaweka yenye umbo la V yanayochomoza juu ya maji, kwani Bras d'Or pia ilitegemea mabawa ya kuchomoza. Upande ukizama, sehemu kubwa zaidi ya bawa huingia majini na kuuinua. Sasa inakwenda wima.

Mheshimiwa, nia yetu ni boti ya kuwahisha wagonjwa kutoka kisiwa cha Mfangano hadi mji wa Mbita. Gugumaji linatutia wasiwasi, maana likinasa kwenye bawa boti hudondoka ghafla; kwa hiyo tunataka bawa linalokunjwa juu. Tunaomba utusaidie kupata mota ya umeme, vihisio viwili vya kimo na maboya ya kujiokolea, pamoja na kibali cha kuijaribu ziwani, karibu na ufuo, mbele ya walimu wetu.

Ni sisi wanachama wa Chama cha Sayansi.