Vichekesho vya siasa virudi kwenye televisheni

Mhariri,

Nina kijana wa miaka 24 anayeiga wanasiasa. Kazi yake huianza saa nne usiku, pilikapilika za kivukoni zikishatulia, maana simu yake hunasa kila sauti. Huvaa koti la marehemu babake, akatia mto tumboni, simu akaiegemeza kwenye kopo la maziwa ya unga. Akifungua mdomo, namsikia humo chumbani mheshimiwa yuleyule niliyemwona kwenye taarifa ya habari ya saa moja. Akimaliza huirusha video mtandaoni akalala. Mimi silali.

Mwaka jana alipigiwa simu na mtu asiyejitaja. Hakutukana wala hakupaza sauti. Alimwambia tu kwamba anajua tunakoishi, akataja na rangi ya geti letu. Na sisi tulikuwa tumeshaona mambo. Desemba 2024 vijana kadhaa waliokuwa wakiwakosoa viongozi mitandaoni walitekwa nyara hapa Kenya, mmoja wao mchoraji wa vibonzo vya kivuli ambavyo karibu kila simu ilikuwa navyo. Waliachiliwa Januari wazazi wao wakiwa wamekonda kwa kukesha.

Ombi langu ni kwa vituo vyetu vya televisheni: virudisheni vichekesho vya siasa usiku, baada ya habari, chini ya mhariri na wakili. Kazi hii haifai kuachiwa mtoto mmoja na simu yake.

Mwishoni mwa utawala wa Rais Moi tulikuwa tumepanga Changamwe, na televisheni ilikuwa moja tu, ya mwenye nyumba, mzee aliyekuwa mtumishi wa serikali. Usiku wa kipindi cha vichekesho cha Redykyulass wapangaji wote tulijazana sebuleni kwake. Walter Mong'are, yaani Nyambane, alipotokea na rungu mkononi akaanza kuongea kwa sauti ya Rais, mzee aliinuka akalifunga dirisha la upande wa barabara. Kisha akaketi, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kikoi. Alifanya hivyo wiki nyingi. Ikafika wakati akaliacha wazi, na sisi tukacheka kwa sauti zetu zote, na waliokuwa wakipita barabarani wakasimama dirishani nao wakatazama. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nimekulia katika miaka ambayo jina la Rais hulitaji ila kwa kumsifu. Siwezi kueleza ile hali ya kucheka pamoja na mtumishi wa serikali, mbele ya watoto, bila kuogopana.

Mwaka 2009 ikaja The XYZ Show kwenye Citizen TV, kazi ya mchora katuni Godfrey Mwampembwa tunayemjua kwa jina la Gado. Vikaragosi vya mpira, kila kimoja na uso wa mkubwa fulani. Vile havikuwa vya mtu mmoja chumbani. Kulikuwa na wachongaji, waandishi, waigizaji wa sauti na watu wa kuvichezesha, na kituo kizima kiliweka jina lake juu ya kazi ile. Mkubwa akikasirika alijua mlango wa kugonga, nao mlango huo ulikuwa na wakili nyuma yake.

Najua kwa nini vituo vinasita. XYZ yenyewe ilianza kwa msaada wa balozi na mashirika ya nje, si kwa matangazo ya biashara. Na Machi 2024 serikali iliagiza matangazo yake yote ya redio na televisheni yapelekwe KBC, shirika lake la utangazaji, kwa hivyo vituo vya binafsi vimeona jinsi fedha zinavyoweza kukatwa kwa barua moja. Kijana wangu alipeleka kazi yake kwenye kituo kimoja. Walicheka sana, wakamsifu, kisha wakamwambia: ondoa siasa, baki na mambo ya wakwe na mahari, tutakuchukua. Alirudi nyumbani akavua koti, hakuligusa kwa mwezi mzima.

Septemba 2025 huko Marekani, kampuni ya televisheni ya ABC ilikisimamisha kipindi cha usiku cha mchekeshaji Jimmy Kimmel kwa maneno aliyoyasema baada ya mauaji ya mwanaharakati wa kihafidhina Charlie Kirk. Mkuu wa tume ya mawasiliano alikuwa amekikemea hadharani. Haikutimia wiki, kipindi kikarudi hewani. Kampuni ilikosea kumwondoa, lakini mtu yule alikuwa na saa yake inayojulikana, na watazamaji walipofungua televisheni wakamkosa, nchi nzima ikauliza yuko wapi. Linganisheni na mchekeshaji Idris Sultan wa Tanzania, aliyekamatwa Mei 2020 baada ya kujirekodi akiicheka picha ya zamani ya Rais Magufuli, kisha akashtakiwa kwa mambo ya usajili wa laini ya simu. Kijana wangu akipotea mtandaoni siku tatu, nani atajua kama ametekwa au bando limemwishia?

Lipo na jambo la pili, nalo nimeligombania na mwanangu mwenyewe. Kuna usiku alimwiga kiongozi mmoja, akaacha aliyoyatenda, akashika lafudhi ya kabila lake tu. Watu walicheka na kuisambaza. Nilimwambia aifute, kwa sababu aliyedhihakiwa pale si mheshimiwa, ni bibi wa kijijini anayeongea vivyo hivyo. Aliifuta asubuhi, ikiwa imeshafika mbali. Mhariri wa kituo angeikata kabla haijatoka. Nimesomesha miaka 31, na sijaona mwandishi mzuri asiyehitaji mtu wa kumsomea kazi yake kwanza.

Naomba nusu saa, mara moja kwa wiki, baada ya habari za Kiswahili, wakati nyanya na wajukuu bado wako sebuleni. Kijana wangu ana michezo kumi na moja aliyoiandika kwa mkono kwenye daftari la kurasa 200. Koti amelirudisha kwenye hanga. Yuko tayari kuja kuisoma yote mbele ya mhariri na wakili wa kituo chochote kitakachomwita, na mimi nitamsindikiza.

Mwalimu mstaafu,
Likoni, Mombasa