Wanangu wa ofisi za umma, nani analipia hoteli?

Wanangu mlioajiriwa serikalini hapa Nairobi,

Ningewaandikia kwa upole, lakini mmeniudhi. Juzi kijana wa wizara moja, niliyempakata akiwa mchanga, alipita kuniaga: anakwenda Naivasha siku tatu kupiga msasa rasimu ya kanuni. Nikamuuliza nani analipia hoteli. Akanitajia, bila haya, kampuni zile zile zitakazobanwa na kanuni hizo. "Babu, hao ni wadau tu."

Wadau! Mama wa Kayole akitaka kutoa maoni yake anapanda matatu, anapanga foleni, anapewa dakika chache na kuambiwa afupishe. Mdau analala hoteli moja na mwandishi wa kanuni, asubuhi wanakunywa chai meza moja, na siku ya tatu kifungu kimoja hakionekani tena. Bahasha haikutoka mfukoni mwa mtu, ndiyo maana kijana wangu anajiona safi kama pamba.

Ibara ya 76 ya Katiba inasema zawadi anayopewa afisa wa serikali katika shughuli rasmi ni mali ya Jamhuri. Saa ya mkono mtaisalimisha. Siku tatu za Naivasha je? Tumetunga Sheria ya Maadili ya 2003, ya Uongozi na Uadilifu ya 2012, na ya Mgongano wa Maslahi iliyotiwa saini Julai 2025, ila mshawishi, yaani anayelipwa kuwasemea wenye kampuni kwa watunga kanuni, bado hana daftari la kujiandikisha. Marekani wanalo kwa sheria ya 1995. Hila hazijaisha huko, lakini mwanahabari anajua pa kuanzia.

Mengine nayataja tu. Msiuzie ofisi zenu bidhaa. Mlango huo ulifunguliwa na ripoti ya Tume ya Ndegwa, 1971, iliyowaruhusu watumishi wa umma kufanya biashara. Tangazeni mali, pamoja na ya mke au mume. Mkistaafu, msirudi kesho yake upande wa pili wa meza.

Najua mnabanwa. Kijana akiingia serikalini, sisi kijijini tunaanza kuulizana amejenga lini, na kwenye harambee tunamwita mgeni wa heshima. Jamii nzima inamsukuma, kisha inamtukana akinaswa.

Basi safari ijayo mwandikieni mkuu wenu: nani analipa, nani atakuwepo, kifungu gani kinajadiliwa. Nakala iingie failini, na majina ya waliokaa mezani yatolewe pamoja na rasimu. Asipojibu, msiende. Ukumbi wa wizara una viti.

Babu yenu, mstaafu, Buruburu