Madaftari ya michango yafungwe kabla ya Majilio

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo linalohusu parokia zetu za huku Kilimanjaro, ingawa nadhani Wakatoliki wa Dar es Salaam, Mwanza na Songea nao watalitambua. Kwa miaka 9 nimekuwa mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo ya Kikristo yenye kaya 27, na karibu kila mwaka nimeuanza mwaka mpya wa Kanisa nikiwa na daftari la madeni mkononi. Ombi langu ni moja tu. Michango yote ya mwaka, yaani zaka, mavuno, ujenzi na kutegemeza jimbo, ifungwe kufikia Sherehe ya Kristu Mfalme, ili Dominika ya kwanza ya Majilio, kipindi cha kujiandaa kwa Noeli, itukute hatudaiani.

Wasomaji wengi wanajua kwamba Kanisa huhitimisha mwaka wake kwa sherehe hiyo ya Kristu Mfalme, na kwamba Dominika inayofuata, ambayo huangukia kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba, ndiyo mwanzo wa mwaka mwingine. Padre huvaa zambarau, wimbo wa Utukufu hauimbwi, na waamini huitwa kujiandaa kwa kuungama, kusali na kupatana. Kipindi chenyewe ni kifupi. Noeli ikiangukia Jumapili, Majilio huwa na siku 28, na ikiangukia Jumatatu huwa na siku 22 tu, kama ilivyokuwa mwaka 2023, ambapo asubuhi ya tarehe 24 Desemba tulisali Misa ya Dominika ya nne ya Majilio na jioni yake tukarudi kwa mkesha wa Noeli. Kati ya Misa hizo mbili, katika saa chache ambazo mtu angeweza kukaa kimya na kujiuliza anampokea Bwana akiwa katika hali gani, sisi wenyeviti wa jumuiya tulikuwa tumeketi ofisini tukilinganisha stakabadhi.

Kwa asiyeifahamu hali hii, nieleze inavyokwenda. Katika juma la kwanza la Majilio kila jumuiya hupewa karatasi inayoonyesha salio lake, na mwenyekiti hutakiwa kulipunguza salio hilo kabla ya Noeli. Sala yetu ya Jumamosi huanza saa 12:30 asubuhi. Injili husomwa, tafakari huchukua dakika kama tano, kisha huja kipengele cha taarifa, ambacho katika Majilio huweza kufika dakika arobaini, kwa kuwa majina husomwa moja baada ya jingine pamoja na kiasi ambacho kila kaya inadaiwa. Matokeo yake nimeyaona kwa macho yangu mwaka baada ya mwaka: Jumamosi ya kwanza tunakuwa watu 30, ya pili 20, na ya tatu wanabaki wale waliomaliza kulipa. Mjane, kijana asiye na kazi, na baba aliyeuguliwa mwaka mzima hujifungia ndani wakisikia wimbo wa mwanzo unaimbwa kwa jirani. Kaya zinazohitaji zaidi kutembelewa ndizo zinazojificha, na wanajificha kwa sababu yetu.

Kisha kuna matangazo ya Dominika, ambayo sijui ni nani aliyeamua kwamba lazima yawe na msimamo kama wa ligi ya mpira, jumuiya ya kwanza hadi ya mwisho kwa makusanyo. Tarehe 15 Desemba 2024 ilikuwa Dominika ya tatu ya Majilio, na Injili ilikuwa ile ya Luka sura ya 3, ambapo makutano wanamwuliza Yohane Mbatizaji wafanye nini, naye anamwambia mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo, na watoza ushuru anawaambia wasitoze zaidi ya walivyoamriwa. Dakika chache baada ya Komunyo tulisomewa orodha ya jumuiya zilizoburuta mkia. Yetu ilikuwa ya pili kutoka mwisho. Mzee mmoja aliyekaa benchi la mbele yangu aligeuka akaniangalia, akatikisa kichwa, na mpaka leo sijajua kama alikuwa ananisikitikia mimi au ile Injili.

Nisionekane nawalaumu mapadre na wahazini peke yao, kwa maana kosa kubwa kuliko yote niliyoyataja nililitenda mimi. Huku kwetu ubatizo wa watoto hufanyika mara nyingi siku zinazofuata Noeli, kwa kuwa ndugu wote wanakuwa wamerudi nyumbani, na mzazi hupaswa kuleta barua ya jumuiya yenye saini ya mwenyekiti. Kwa hiyo barua hizo huombwa katika Majilio, wakati uleule ambao daftari liko wazi mezani. Miaka mitatu iliyopita, jioni moja ya juma la pili, alikuja mama kijana akiwa na mtoto mgongoni, mvua za vuli zimemlowesha kanga. Alinisalimu, "Shikamoo baba," nikaitikia, akaomba nimsainie. Nikafungua daftari. Alikuwa anadaiwa shilingi 38,000 za miaka miwili. Nilimwambia, kwa sauti ya upole ambayo naijutia zaidi kuliko kama ningefoka, kwamba akalipe kwanza angalau nusu ndipo arudi. Alisema, "Sawa, baba mwenyekiti," akaondoka. Hakurudi. Mtoto yule alibatizwa Pasaka kwa bibi yake mzaa mama, katika parokia nyingine, na mama yake hajakanyaga tena sala yetu ya Jumamosi.

Baadaye nilimweleza katekista wetu, naye bila kunihukumu akanionyesha kilichoandikwa katika Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983. Kanuni ya 222 inasema kweli kwamba waamini wana wajibu wa kulisaidia Kanisa katika mahitaji yake, na mimi siubishii wajibu huo, kwa kuwa taa za kanisa, mafuta ya pikipiki ya padre na posho ya katekista havitoki mbinguni. Lakini kanuni ya 848 inamtaka mhudumu wa sakramenti asidai chochote zaidi ya sadaka iliyowekwa na mamlaka husika, na aangalie daima wahitaji wasikose sakramenti kwa sababu ya umaskini wao. Mimi si padre, lakini nilikuwa nimesimama mlangoni pake na kumrudisha mtu kabla hajamfikia. Nani alinipa mamlaka hayo, sijui. Nadhani hakuna aliyenipa. Desturi ilinikuta, nikaifuata kama nilivyowaona walionitangulia wakiifuata.

Maaskofu wa AMECEA, yaani umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1976 na kuzifanya jumuiya ndogo ndogo kuwa kipaumbele cha kichungaji, walikuwa wanatafuta namna ya Kanisa kuishi pale majirani wanapoishi, wakifahamiana kwa majina na shida zao. Hilo linawezekana, na nimeliona likitokea. Kuna mwaka ambao mhazini wa parokia alihama ghafla mwezi Oktoba, na karatasi za salio hazikutoka mpaka Januari. Hatukuwa na cha kudaiana. Jumamosi ya kwanza ya Majilio, baada ya tafakari, tulijikuta tunatazamana, na mama mmoja wa WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, akasema basi twende kwa bibi fulani ambaye hajatoka nje tangu mvua zianze. Tukaenda wote. Juma lililofuata tukaenda kwingine, wanaume wakabeba kuni na mikungu ya ndizi, na paroko msaidizi akakubali kupita kaya kwa kaya kuwaungamisha wagonjwa na kuwapelekea Komunyo. Novena ya Noeli ilipoanza tarehe 16 Desemba tulikuwa tunajaa hadi uani.

Mwaka huohuo ndipo walipopatana ndugu wawili, watoto wa baba mmoja, waliokuwa wamegombea mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, kwa miaka sita. Wasomaji wasiotoka huku wajue kwamba mipaka yetu ya vihamba hupandwa masale, na kwamba jani la isale ndilo pia analopeleka Mchaga anapoomba msamaha, na anayelipokea hakatai kusamehe. Kaka mkubwa alilichuma jani kwenye mpaka uleule waliougombania, akalileta kwenye sala ya jumuiya, akampa mdogo wake mbele yetu sote. Hakuna aliyehubiri. Tulisali Baba Yetu, kisha tukanywa chai. Wote wawili walikuwa wanadaiwa michango, tena mingi, na nina hakika kwamba kama karatasi za salio zingetoka mwaka ule, hakuna hata mmoja wao angekuwepo asubuhi ile.

Hata pango la Noeli lilijengwa kwa namna nyingine. Vijana wa VIWAWA, chama cha vijana Wakatoliki, hawakuchangisha fedha. Katekista aliwasimulia jinsi Mtakatifu Fransisko alivyoandaa pango la kwanza pale Greccio mwaka 1223 kwa hori, nyasi kavu, ng'ombe na punda, nao wakajenga la kwetu kwa maganda ya migomba na nyasi walizokata wenyewe. Mwaka uliofuata kila jumuiya iliandikiwa mchango wa taa za rangi za pangoni.

Najua hoja nitakazojibiwa, kwa sababu nimezisikia vikaoni. Ya kwanza ni kwamba hesabu lazima zifungwe Desemba kwa kuwa ndio mwisho wa mwaka. Mwisho wa mwaka upi? Kanisa limekwisha kufunga wake, na serikali yetu hufunga mwaka wake wa fedha tarehe 30 Juni bila nchi kusimama. Isitoshe, mkulima wa huku huvuna mahindi yake kati ya Julai na Septemba, na kahawa huchumwa kuanzia Julai, kwa hiyo anayedai mavuno wakati wa mavuno atapata zaidi kuliko anayesubiri Desemba, mwezi ambao kila mzazi tayari anafikiria sare na madaftari ya Januari.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo ni ya wageni. Kuanzia kama tarehe 20 Desemba mabasi na magari madogo hupanda mlima usiku kucha, watoto wetu wanarudi kutoka Dar es Salaam, Arusha, Nairobi na kwingineko, na parokia inajua kwamba fedha ya ujenzi iko mifukoni mwao. Ni kweli, na wametujengea mengi. Lakini mtu aliyefika jana baada ya safari ya saa kumi na zaidi, ambaye pengine hajaungama tangu Pasaka, jambo la kwanza analolisikia akiingia kanisani kwao ni kipaza sauti kikitaja ahadi yake ya mwaka jana. Wengine wameanza kuchelewa Misa kwa makusudi, waingie matangazo yakiwa yamekwisha, au wanatuma fedha kwa simu na kubaki nyumbani na mbuzi wao. Wageni wasubiriwe siku chache tu. Sikukuu ya Familia Takatifu huwa ndani ya oktava ya Noeli, yaani siku nane za kuiadhimisha, wengi wao bado wapo, wamepumzika na furaha ipo. Siku hiyo parokia iwaalike, iwaonyeshe kilichojengwa kwa fedha zao za nyuma, iwaombe waziwazi, hata mnada wa ndizi na kuku ufanyike baada ya Misa kama tulivyozoea. Siku za kabla ya Noeli waachiwe foleni ya kuungama, ambayo kwa mapadre wawili na umati ule ni ndefu kuliko mchana wenyewe.

Sitegemei kwamba barua hii itabadili utaratibu wa jimbo lolote. Naiandika ili wenyeviti wenzangu, ambao nadhani wengi wana jina la mtu waliyemrudisha mlangoni na hawalitaji, wajue kwamba jambo hili linaweza kuzungumzwa bila mtu kuitwa mpinga maendeleo. Wenyeviti wa kanda yetu tumekubaliana kulipeleka kwenye kikao cha halmashauri ya walei mwezi Februari, kabla kadi mpya za zaka hazijachapwa, tukipendekeza tarehe ya kufunga michango iandikwe juu ya kadi yenyewe: Kristu Mfalme.

Kwa upande wangu, Majilio haya nimekwisha kusaini barua tatu za ubatizo bila kufungua daftari, na nimemwandikia paroko kumweleza hivyo kabla hajaambiwa na mtu mwingine. Kwa yule mama nimekwenda mara mbili. Mara ya kwanza sikumkuta. Mara ya pili alinikaribisha ndani, akanipa kiti, na tukazungumza habari za mvua.

Mwenyekiti wa jumuiya,
Rombo, Kilimanjaro