Wajomba wasubiri majibu kamili

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie karatasi ya altrasaundi inayosema mtoto aliye tumboni huenda ana sindromu ya Down, yaani amepata kromosomu (kibeba urithi) moja ya ziada. Huku kwetu Kusini ikishafika nyumbani, wajomba hukaa kikao jioni hiyo hiyo. Wanawahi mno.

Maji ya nyuma ya shingo ya mtoto, ambayo yakizidi huashiria hali hiyo, hupimwa kwa altrasaundi kati ya wiki 11 na wiki 13 na siku 6, akiwa na milimita 45 hadi 84 kutoka utosini hadi matakoni. Mama akikosea tarehe ya hedhi ya mwisho akapimwa wiki ya 15, namba ile haina kazi. Kichwa cha mtoto kikiinukia nyuma, namba hupanda bure. Hata ikisoma milimita 3.5 kwa usahihi, ni dalili tu. Kipimo cha damu ya mama hukisia vizuri zaidi, ila jibu la "hatari kubwa" kwa mama wa miaka 22 hukosea mara nyingi kuliko kwa wa 40. Uhakika hutoka kwenye maji ya chupa ya uzazi, yanayovutwa kwa sindano kuanzia wiki ya 15. Hatari ya mimba kuharibika ni ndogo, lakini ipo.

Sheria yetu hairuhusu kutoa mimba kwa sababu hii, hivyo uamuzi mzito ni wapi mama akajifungulie. Karibu nusu ya watoto hawa huwa na tatizo la moyo. Wachache huziba utumbo, jambo ambalo mara nyingi huonekana mimba ikishakuwa kubwa, kwa hiyo altrasaundi ya wiki 18 hadi 22 haitoshi, irudiwe. Moyo ukionekana na tundu, mawasiliano na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete yaanze kabla ya uchungu. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500, na nauli haitafutwi usiku.

Mama naye aachwe apumue. Kromosomu ya 21 iliyozidi haitokani na chakula wala laana. Umri huchangia: miaka 35 ni takriban mama 1 kati ya 350, miaka 40 ni 1 kati ya 100. Katika familia chache hurithiwa, pengine kwa baba.

Akizaliwa, misuli huwa milegevu na huchoka kunyonya. Aamshwe kila baada ya saa 2 hadi 3, kidevu kishikiliwe, na maziwa yaliyokamuliwa apewe kwa kikombe. Akitapika kijani, asipewe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali.

Mkunga,
Masasi, Mtwara