Usiumwage mzinga, pima kwanza

Nairobi, 12 Agosti 2020

Mpendwa Mama Neema,

Salamu kwako na kwa watoto. Umeniuliza imekuwaje shemeji, mtu wa bia mbili za jioni, sasa ana mzinga, chupa kubwa ya pombe kali, chini ya meza, na kama uumwage. Tafadhali usiumwage.

Baa zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, pombe ilihamia nyumbani, na nyumbani hakuna anayepima. Baa hupima pombe kali kwa toti ya mililita 30, na kila toti inalipiwa. Dukani nako bia sita ni mzigo, mzinga unaingia kwenye koti. Sasa hesabu: bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina mililita 25 za alkoholi yenyewe. Kota, yaani chupa ndogo ya pombe kali ya mililita 250 yenye asilimia 40, ina 100, sawa na bia nne. Mzinga wa 750 ni bia 12.

Mwombe amimine kwenye glasi yake kama kawaida, kisha pima kwa kijiko kikubwa cha mililita 15. Vijiko viwili ni toti moja. Usishangae ukihesabu vijiko sita au vinane katika alichokiita "kidogo tu". Na asiongeze kabla glasi haijaisha, maana hapo hesabu hupotea kabisa.

Saa nazo zimehama. Kafyu ilipokuwa saa moja jioni, watu walianza kunywa alasiri ili wawahi. Juni 2020 ilisogezwa hadi saa tatu usiku, lakini mazoea ya alasiri yamebaki.

Sasa kuhusu kumwaga. Kama anakunywa kila siku na asubuhi mikono inatetemeka mpaka chai inamwagika kwenye sahani, kuacha ghafla kunaweza kumletea degedege, hasa siku mbili tatu za kwanza. Amwone daktari kwanza. Daktari akikubali apunguzie nyumbani, shemeji aandike vijiko vyote vya siku kwa siku tatu, halafu apunguze kijiko kimoja kila siku tatu. Akitetemeka au kutoka jasho jingi, abaki hapo hapo mpaka atulie. Ale kabla ya kunywa. Akianza kuona vitu visivyokuwepo, kuchanganyikiwa au kupata degedege, ni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Na asikuambie pombe inalinda koo dhidi ya korona. Gavana Mike Sonko wa Nairobi alitia Hennessy, pombe kali, kwenye vifurushi vya msaada mwezi Aprili 2020 kwa hoja hiyo, na inaniuma kwamba watu waliamini. Sanitaiza ya mikono inahitaji alkoholi asilimia 60 kwenda juu, na hata hiyo ni ya ngozi. Ukinywa, haiui virusi mwilini.

Laini ya simu ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192, haina malipo. Ukishapima, niandikie idadi ya vijiko na saa anayoanza, tupange pamoja.

Wako,
Mama Brian